Kwenu Mnazika Wapi?

Ng'wang'a, ng'wang'a, ng'wang'a! Keni za maziwa zilikuwa zinapanda kutoka Masoko kuja Tukuyu asubuhi na mapema, zimefungwa kwa mipira ubavuni mwa pikipiki, na kila jiwe la barabara lilizigonganisha. Mwaka ule nilikuwa nazisikia nikiwa bado nimejifunika blanketi, ukungu umebana dirisha, na nilikuwa nimeshajifunza kuzisoma: keni iliyojaa inalia kwa kifua, keni iliyopungua inalia kwa pua. Zikilia kwa kifua nilikuwa naruka kitandani kama mtu aliyeitwa jina. Zikilia kwa pua naruka vilevile, maana mimi kutulia sijui. Hata haya naandika nimesimama, karatasi ziko juu ya friji la duka langu. Mteja akija naacha sentensi katikati, namhudumia, narudi kuitafuta.

Aliyenifanya niandike ni Bupe. Wiki iliyopita kikundi cha akina mama wajasiriamali kiliniita nikaongee na vijana wanaoanza biashara. Mada waliyonipa ilikuwa ndefu kuliko shule yangu: mauzo, ajira na mipango kwa viongozi wa biashara. Mimi niliyeishia kidato cha pili, kiongozi wa biashara! Nilicheka njia nzima. Lakini nilienda, nikavaa kitenge changu cha kijani, nikaongea huku natembea mbele ya ukumbi mpaka mama mmoja akasema, "Dada, simama mahali pamoja, unatuvunja shingo." Niliwaambia ninayoyajua. Kwamba mteja usimwahidi siku ambayo hujawauliza watu wa nyumbani kwako. Kwamba mpango wa mwaka ukiuandika peke yako, utautekeleza peke yako. Na kwamba ukitaka kuajiri, cheti uliza baadaye, kwanza uliza hivi: kwenu mnazika wapi? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka, mwanamke mnene wa safu ya mbele, mwenye miwani. Nilipomwangalia vizuri nikaacha kutembea. Bupe! Tulikuwa hatujaonana tangu usichana wetu. Mkutano ulipoisha alinikumbatia mpaka pumzi ikakata, akanishika mashavu, akasema, "Umesema vizuri, mdogo wangu. Ila hujawaambia nani aliondoka ili wewe ubaki." Kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani, akaomba namba yangu ya simu, akaenda zake. Tangu siku ile nazunguka dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ngoja niwaambie na hiyo sehemu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Masukulu na begi moja na ndoto za kujaza lori. Nilikuwa nauza ndizi mbivu nje ya duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka hilo ndiko Mama Sekela alikokuwa anatengeneza mtindi. Vyumba vilikuwa vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha kwanza kilikuwa cha jiko, joto mpaka kuta zinatoka jasho, na pale mvua ya Tukuyu ilikuwa haina nafasi. Cha pili kilikuwa cha kupoza, ndoo zimefunikwa vitambaa vyeupe na hakuna ruhusa ya kupiga kelele, kana kwamba mtindi ni mtoto mchanga. Cha tatu kilikuwa cha kufungia pakiti, na huko ndiko kulikokuwa na maneno yote. Wasichana walikaa juu ya kreti zilizogeuzwa, mmoja anamimina, mwingine anabana pakiti kwa mashine ya mkono, na midomo haibani kitu. Wote walikuwa wa Masoko. Bupe, mkubwa wao, alikuwa mtoto wa dada yake Mama Sekela. Waliomfuata walikuwa binamu zake na jirani zao. Kaka Ambakisye, aliyeendesha kirikuu, gari dogo la kusambaza mtindi, alikuwa kaka yake Mama wa tumbo moja. Mama alikuwa na msemo wake, na aliusema kwa fahari hata mbele ya wateja: "Mimi simchukui mtu ambaye sijui kaburi la babu yake liko wapi."

Kaburi la babu yangu hakulijua. Alinichukua kwa sababu ya mdomo. Siku moja mteja wa ndizi aliniambia ndizi zangu zimelala, nikamjibu, "Zimelala ndiyo, mama, ndiyo maana hazina hasira, zitashuka tumboni taratibu." Mama Sekela alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika fremu. "Gwe binti, unaweza kuuza maji mtoni. Njoo ndani." Nikaingia. Mchana ule tulikula ndizi za kupika na maharage kwenye sinia moja, na Bupe akanisogezea upande wenye parachichi, jambo ambalo mimi wa kulialia nililihesabu kuwa ni undugu. Akaniuliza nataka nini maishani. Nikamwambia nataka kirikuu cha njano chenye jina langu ubavuni, duka Tukuyu, duka Uyole, na wafanyakazi wenye aproni. Wenzake wakapiga vigelegele vya dhihaka. "Huyu ameajiriwa dakika hii, ameshatununua!" Bupe peke yake aliuliza, "Na aproni zetu ziwe za rangi gani, bosi?" Nikasema nyeupe. Akasema nyeupe zitatunenepesha.

Mara mbili au tatu mwaka ule alikuja mwalimu wa biashara kutoka Mbeya, kijana mpole aliyeitwa Fadhili, aliyekuwa anafuta viatu vyake kila akiingia na kila akitoka. Alituketisha chumba cha pakiti, akabandika karatasi kubwa ukutani, akatufundisha kupanga mwaka. Alitufundisha vizuri, simsemi vibaya. Mpaka leo napanga kwa kufuata alichonionyesha. Alichora miezi, akachora malengo, halafu akasema, "Sasa tuandike mambo yanayoweza kuzuia kazi." Tukayamwaga: umeme kukatika, mvua kula barabara, ng'ombe kuugua, mifuko ya kufungia kukosekana mjini. Akauliza, "Kuna tulichosahau?" Tukatazamana. Tukasema hamna, mwalimu. Tulisema kwa moyo safi. Nimeifikiria sana ile karatasi. Mwezi ule ule tulikuwa tumezika mara mbili, na bado hakuna aliyetaja msiba, kwa sababu kwetu msiba haukuwa kizuizi cha kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa kizuizi cha msiba. Unasahauje kuandika hewa? Ndivyo ulivyosahauliwa.

Halafu hoteli moja ya Mbeya ikamwita Mama. Walikuwa na harusi ya Jumamosi, walitaka mtindi, na wakiupenda wangechukua kila wiki. Siku ile Mama alirudi kutoka Mbeya anaimba pambio. Jioni nikawa naosha vitambaa chumba cha kupoza, nikawasikia yeye na Kaka Ambakisye wanaongea upande wa pili wa ukuta wa mbao. "Hoteli ikikubali," Mama alisema, "nitahitaji mtu wa kuzunguka Mbeya kutafuta wateja. Tumpe nitamwajiri kabisa." Tumpe ni mimi. Kaka akakohoa. "Na isipokubali?" Mama akasema, "Isipokubali, sina cha kumpa. Atarudi kwao Masukulu akachume chai na mama yake. Siwezi kumwondoa mtoto wa dada yangu nikamwacha mtoto wa watu." Nilikamua kitambaa kile mpaka kikabaki kama kamba. Basi ndivyo ilivyokuwa: maisha yangu yote niliyoyaota yalikuwa ndani ya mtindi wa harusi ya watu nisiowajua. Tangu hapo sikuwa nakaa kula. Nilikuwa nakula nimesimama, jicho kwenye ndoo.

Alhamisi mtindi ulikuwa umeganda vizuri, mzito, unang'aa. Tulipanga kufunga Ijumaa, kupeleka Jumamosi asubuhi. Alhamisi hiyo hiyo mchana, tukiwa tunaosha mikono, simu ya Bupe ikaita. Kabla hajaipokea ikaita ya binamu yake, halafu ya yule mwingine, halafu ya Mama Sekela chumba cha jiko, milio minne tofauti kwa pamoja. Nilijua. Mtu yeyote wa Rungwe angejua. Mzee Asegelile wa Masoko, babu yake Bupe, baba yake mdogo Mama Sekela, alikuwa amefariki. Bupe alikaa chini sakafuni penye maji. Mama alitoka jikoni ameshajifunga khanga kiunoni, akamwinua, na ndani ya muda wa kuchemsha chai vyumba vyote vitatu vilikuwa vitupu. Mimi nami nilikuwa nimeshachukua khanga yangu. Mama akanishika mkono mlangoni.

"Wewe baki, Tumpe."

"Mama, si nami niende nikawashike mkono?"

"Wewe si wa kule. Baki na maziwa. Tafuta watu mfunge. Ambakisye atarudi kesho kuchukua mzigo."

Si kwamba alisema kwa ukali. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Bupe alikuwa ameshapanda kwenye kirikuu, kichwa kwenye bega la mwenzake, wala hakugeuka. Gari likashuka kwenye ukungu, nikabaki na ndoo.

Ile mashine ya kufungia pakiti haitaki mtu mmoja. Asubuhi ya Ijumaa nikaingia mtaani kuajiri, mimi ambaye mwenyewe sijaajiriwa. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba nitawapata watu, watakaa, watazoea mashine, halafu simu zitalia tena zote kwa pamoja. Basi nilipomfikia yule mama aliyekuwa anachoma mahindi karibu na stendi, badala ya kumuuliza kama anaweza kazi, swali likanitoka lenyewe.

"Samahani mama, shikamoo. Kwenu mnazika wapi?"

Aliacha kupepea moto. "Marahaba. We binti, unatafuta kibarua au unatafuta maiti?"

"Kibarua, mama. Cha leo. Nataka tu mtu asiyezika Masoko."

"Mimi nazika Kiwira, na sina mpango wa kuzika leo." Akavua aproni yake ya mahindi. "Mtindi wenyewe tutaonja?"

Huyo alikuwa Mama Lusajo. Nilimpata na dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai na siku hiyo alikuwa mapumzikoni, watu wake wako Ileje, na msichana mmoja mkimya wa pale pale mjini aliyekuwa ananyonyesha, ambaye kwao walizika karibu na kanisa, mwendo wa kwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Kila mmoja nilimuuliza swali lile lile, na kila mmoja alinitazama kama nimerogwa. Tulifunga kutwa. Mama Lusajo alikuwa anaimba bila kujua maneno, mtoto wa yule mkimya amelala ndani ya kreti, na ilipofika jioni pakiti zilikuwa zimepangwa kwenye friji kama waumini. Nilizitazama nikaona kirikuu cha njano kabisa, na jina langu ubavuni.

Kaka Ambakisye hakuja. Jumamosi asubuhi nikampigia. Nyuma yake nilisikia kilio na nyimbo.

"Kaka, mzigo uko tayari."

"Tumpe, gari limebeba jeneza."

"Likishushwa je?"

"Likishushwa linabeba viti vya kanisa. Likimaliza viti linabeba bibi. Unataka niuweke mtindi wako wapi, binti, juu ya mzee?"

Nilikimbia stendi. Wenye gari niliowajua walikuwa Masoko, wamebeba watu wa msibani, na wale nisiowajua walitaka kusubiri gari lijae, na mtindi hausubiri. Nikapigia hoteli. Dada wa manunuzi alinisikiliza mpaka mwisho, sauti yake nzuri kama ya redio. "Poleni sana na msiba," akasema. "Lakini dada, mimi nina harusi. Nimeshaagiza kwingine tangu saa ile hamkutokea. Siwezi kufanya kazi na watu ambao akifa mtu mmoja wanafunga wote." Halafu akauliza, na nadhani aliuliza kwa nia njema kabisa, "Na wewe mbona hukwenda kuzika?" Nilikata simu nikalia pale stendi, mbele ya watu na mizigo yao, bila hata kujificha, kwa sababu nilijua chai ya Masukulu inanisubiri.

Mama Lusajo ndiye aliyenikuta. Hakunibembeleza. Alisema, "Kwa hiyo harusi haipo, mtindi upo. Nipe kreti mbili. Kiwira leo watu wamejaa sokoni, na mimi nawajua wote kwa majina ya utani." Dada wa chai akapeleka zake kambini kwa wenzake. Yule mkimya akaweka ndoo ya barafu nje ya kanisa lao, mazoezi ya kwaya yalipoisha. Mimi nikabaki mjini na mdomo wangu. Hatukumaliza zote, na nyingine tulikunywa wenyewe mpaka tukaogopana. Lakini mtindi wa Mama Sekela siku ile uliingia vinywani mwa watu waliokuwa hawajawahi kuusikia. Sisi tulikuwa tumeuza miezi yote kwa watu wale wale wa Masoko na ndugu zao wa mjini, kwa sababu wauzaji wetu hawakuwa na shangazi kwingine. Hicho ndicho ninachowaambia vijana: unapomwajiri mtu, umeajiri na njia ya kwao. Ukiwaajiri watu wa njia moja, una njia moja, na siku ikifungwa, imefungwa.

Mama alirudi Jumanne, sauti imekauka kwa kilio. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, begi langu limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Aliuliza tu, "Hao watu uliwachaguaje?" Nikamwambia swali. Alikaa juu ya kreti, anaikunja na kuikunjua ncha ya khanga. Jioni kupitia mbao nikawasikia tena. Kaka Ambakisye alikuwa anasema Masoko watu wananong'ona: yule binti wa Masukulu alikuwa anauza na kucheka mjini mzee akiwa hajafunikwa udongo. Mama akasema, "Nani alimbakisha? Mimi. Waninong'one mimi." Kisha akasema, "Ningewaweka wote kama ningeweza. Siwezi. Nitabaki na wawili wa nyumbani, nichukue wale watatu, na Tumpe abaki. Bupe nitaongea naye mwenyewe. Ana akili, ana mume mtarajiwa Mbeya. Atasimama."

Alizungumza naye kesho yake, wamefunga mlango wa chumba cha jiko. Bupe alitoka macho mekundu, lakini macho yale yalikuwa mekundu tangu msibani, hakuna aliyeweza kusema ni ya lipi. Alikunja kitambaa chake cha kichwani, akanipitia karibu kabisa. "Nyeupe kweli ingetunenepesha," akasema. Basi. Nilitaka kumwambia nami naondoka, tuondoke wote, nikafungua mdomo wangu unaouza maji mtoni, na hakikutoka kitu. Nilikuwa naitaka ile kazi. Naisema ilivyo: niliitaka kwa nguvu zote, na nilimpenda Bupe, na vyote viwili vilikuwa kifuani siku moja. Mama Sekela hakukosea. Biashara ilisimama, na wale watatu walikaa naye miaka. Nami sina uamuzi mwingine ambao ningemshauri. Lakini washauri wa biashara wanapofika kwenye neno kuajiri, wanalisema kama vile kila anayeingia ameingia kwenye kiti kitupu.

Wiki ile nzima sikulala vizuri. Jumapili, wenzangu walipokwenda kanisani, nilijifunga ile khanga ambayo sikuivaa siku ya msiba, nikapanda bodaboda mpaka ilipoishia barabara nzuri, nikashuka kwa miguu kati ya migomba mpaka nyumbani kwa marehemu Mzee Asegelile. Nilikuwa nimepanga la kusema, nimelirudia njiani kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamekwenda ibadani. Kaburi lilikuwa mbichi pembeni ya kahawa, maua yamenyauka juu yake, mvua imelichimba kidogo upande mmoja. Nikasimama nikasema ndaga fijo, asante sana, nikaona sauti yangu kubwa mno pale uani, nikanyamaza. Nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje, niliyaona masufuria makubwa ya kuazima yaliyopikia watu wa msiba, bado hayajarudishwa, masizi yameganda nje na ukoko wa wali umekauka ndani. Nikavua viatu. Nikachota majivu jikoni, nikachuma majani makavu ya mgomba, nikapiga magoti, nikaanza na lile kubwa kuliko yote. Nilisugua mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, na bati likaanza kuonyesha mawingu. Niliyaosha yote, nikayageuza kifudifudi kwenye majani yapate jua, nikaondoka kabla kengele ya kanisa haijalia.